Kata Isiyojua Pombe

Mwanangu Godlove alinipigia simu Jumapili, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kanisani na sijavua hata viatu. Habari za ibada hakuuliza. Alisema wakwe zake wa mjini wanataka kunifahamu kabla ya harusi, na kwamba wamepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Wewe njoo tu, mama. Usibebe kitu."

"Nisibebe kitu namna gani? Ni mara ya kwanza nakanyaga kwa watu."

"Njoo mikono mitupu. Soda tutanunua huku huku." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Au ukiona ni mbali, anaweza kuja mama mdogo Eunike kwa niaba yako."

Eunike ni mdogo wangu, anafundisha chekechea, ana mkoba mzuri na miwani. Na kutoka kwetu Mwika kushuka Moshi mjini si safari ya kufungashia watu chakula cha njiani. Mimi si mjinga. Nilielewa kilichokuwa kinamsumbua, ila nilitaka akiseme mwenyewe kwa kinywa chake. Hakukisema. Alisema salio linaisha.

Kilichokuwa kinamsumbua ni harufu. Mimi napika mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba yake alipofariki, Godlove alikuwa darasa la tatu, na kihamba, shamba la nyumbani tulichoachiwa, kilikuwa na migomba mingi kuliko kahawa, kwa hiyo nikafanya kilichowezekana. Nachemsha ndizi mbivu, natia maganda ya mti wa msesewe ili iwe na uchungu wake, nachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa, na wazee wanakuja kukaa kwenye mabenchi chini ya mgomba na kuongea mambo yao. Moshi wa kuni na ndizi iliyochachuka vinaingia kwenye kitenge, kwenye nywele, kwenye shuka. Mbege ndiyo iliyomvisha huyo Godlove sare, ikampeleka chuo cha ufundi, ikamfikisha Moshi kwenye karakana ya mzee Khamisi anayetengeneza milango ya aluminiamu. Huko ndiko alikokutana na Ummy, binti wa mzee Khamisi.

Mwaka jana alisilimu, akaitwa Shakiru. Sikugomba naye. Nilimwambia Mungu ni mmoja, ila mimi nitaendelea kumwita jina nililompa kwa sababu ulimi wangu umeshazeeka. Alicheka siku ile. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Kwetu mama wa kijana haendi kwa wakwe mikono mitupu. Anapeleka kinywaji alichokipika yeye, na anapeleka na kata ya kuchotea. Anaonja yeye kwanza mbele za watu, ili wajue hakuna sumu ndani. Kisha anampa mama wa binti, kata inazunguka ukoo mzima, na ya mwisho inakwenda kwa kijana mwenyewe. Akinywa, amesema mbele ya wote kwamba huyu ni mama yangu na mkono wake ndio ulionilea. Sikuhitaji kitu kingine kwenye harusi ile. Suti wavae wao, picha wapige wao. Mimi nilitaka kata yangu izunguke kwenye nyumba ile na irudi ikiwa tupu.

Mbege nisingeweza kupeleka kwa Waislamu, hilo hata mtoto analijua. Nikaenda kwa jirani yangu Justina, ambaye hupika kwenye nyumba ya wageni kule Marangu wanakolala wazungu wa kupanda mlima. Nikamwambia nataka kinywaji cha matunda chenye heshima, kisicho na tone la kilevi, na kisichofanana na juisi ya kwenye ndoo ya stendi.

Justina alinitazama. "Wewe? Utaacha mbege upike juisi?"

"Kwa siku moja."

"Basi uje upikie kwangu. Jiko lako, shoga yangu, ukichemsha hata maji yanalewesha."

Nilicheka, lakini nilimsikia. Wiki tatu nzima sikuwasha moto wa mbege. Mapipa niliyafunika na kuyafunga kamba. Wazee walikuja, wakakuta mabenchi yameinamishwa, wakaondoka wakinung'unika kama watoto walionyimwa uji. Shemeji yangu Eliezeri, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja mara mbili kuhakikisha sijaugua. Vitenge vyangu vyote nilivifua na kuvianika juani mpaka vikapauka. Nilimwomba Justina aninuse shingo, akaninusa, akasema nanukia sabuni na wazimu.

Ilibaki kata. Kata yangu ya siku zote ni ya mama mkwe, nyeusi kama sufuria ya msibani, ina ufa mdomoni ulioshonwa kwa waya wa shaba. Hiyo nilijua haiwezi kwenda. Justina alikuwa na kibuyu kilichokauka, kimening'inia kwenye kona ya banda la ng'ombe tangu msimu uliopita, hakijakatwa. Akanipa. Nilikikata kwa msumeno mdogo, nikakikwangua mbegu na utando wote kwa kijiko, nikakijaza maji ya moto na majivu, nikakiacha siku mbili, nikakimwaga, nikarudia. Kikatoka kata nzuri ya njano, nyepesi, ina mpini mrefu uliopinda kidogo.

Asiyejua vibuyu atadhani kazi imekwisha hapo. Kibuyu kipya ni kichungu. Ukinywea maji siku ya kwanza, ulimi unakunjika, na uchungu unakaa kooni mpaka jioni. Hakuna dawa ila kunywea, kila siku, mpaka uishe. Kwa hiyo kila asubuhi nilichota maji ya bomba kwa kata ile nikanywa. Wiki ya kwanza nilikunywa nimefumba macho. Wiki ya pili uchungu ukabaki kwenye ncha ya ulimi tu. Wiki ya tatu nilimpa Justina, akanywa, akaniambia ni maji matamu. Uchungu wote wa kata ile niliumaliza mimi, ili asije mtu mwingine akauonja. Nilijisikia vizuri sana asubuhi hiyo, sitaki kudanganya.

Ijumaa tulikwenda sokoni na Justina tukanunua ndoo mbili mpya zenye vifuniko, chujio jipya na mwiko mpya. Tulinunua mananasi yaliyoiva mpaka yanadondosha maji, pasheni zile za ngozi iliyonyauka ambazo ndizo tamu, ndimu, tangawizi na fungu la nanaa. Ndizi sikutia hata moja. Justina alisema ndizi moja ingeleta uzito mzuri, nikamwambia afute wazo hilo.

Tulichemsha maganda ya nanasi na tangawizi iliyopondwa pamoja na sukari, kwa moto mdogo, mpaka yakawa mazito kidogo, tukachuja na kuacha yapoe. Nyama ya nanasi tukaisaga, pasheni tukazikamua kwa mkono ili mbegu zisipasuke na kuleta uchachu mbaya, ndimu tukaziweka mwishoni. Justina alinifundisha jambo ambalo nisingelijua: soda haitiwi nyumbani. Unabeba rojo la matunda limepoa, unabeba barafu kwenye deli, unabeba soda nyeupe za limau zikiwa zimefungwa, na unachanganyia hapo hapo mbele ya mgeni, ukimimina ubavuni mwa chombo taratibu. Ukitangulia kuchanganya, gesi inakimbia na unabaki na maji ya sukari.

"Na hiyo ni faida kwako," alisema. "Wataona chupa zinafunguliwa mbele ya macho yao."

Nilionja kikombe kimoja. Kilikuwa kizuri mpaka nikakasirika kwamba miaka yote hii sikujua.

Tulishuka Jumamosi na gari la kukodi, Noah, mimi na shemeji Eliezeri aliyevaa koti lake la kipaimara cha watoto wake. Kule juu kulikuwa na ubaridi wa ukungu. Tulipofika mjini jua la mwezi wa pili lilikuwa linachoma mpaka lami inanata. Nyumba ya mzee Khamisi iko Majengo, ya zamani, ina baraza na mapazia ya kijani. Godlove alitoka kutupokea. Alikuwa amevaa kanzu, imemkaa vizuri, na nilitaka kumwambia hivyo. Macho yake yalienda kwanza kwenye ndoo.

"Mama, nilisema nini?"

"Shikamoo kwanza," nikamwambia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shika deli, barafu inayeyuka."

Tukakaribishwa ndani. Mzee Khamisi alikaa na Eliezeri upande mmoja. Mama yake Ummy anaitwa Shamsia, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alinishika mikono yote miwili akaniambia nimechelewa sana kuja kwangu. Ummy alipiga magoti kuniamkia. Kwenye kochi la pembeni alikaa Bi Shida, mama yake mzee Khamisi, mdogo wa mwili, ana macho ya mtu ambaye hapitwi na kitu. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza moja kwa moja, "Na ndoo hizo zina nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza kila tunda. Nikawaambia kwetu mama wa kijana ndiye anayekuja na kinywaji, na kwa kuwa hapa ni kwao, nimekuja na cha matunda na soda, na kilipikwa jikoni kwa jirani, si kwangu. Sikuficha kazi yangu. Shamsia alitikisa kichwa akasema, "Ahsante, dada. Umefikiri mbali." Nikafungua soda moja baada ya nyingine, zikalia. Nikamimina ubavuni mwa ndoo kama nilivyofundishwa, povu likapanda, harufu ya nanaa na tangawizi ikajaa sebule. Ummy alicheka kwa furaha. Kisha nikatoa kata kwenye kitambaa cheupe nilichoifungia.

Nilichota, nikaonja, nikameza mbele yao. Nikachota tena, nikamnyooshea Shamsia. Alikuwa ameshanyanyua mkono.

"Mama Ummy, samahani," Godlove akasema. "Usinywe. Hiyo kata ni ya pombe."

Mkono wa Shamsia ulibaki hewani. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Angefanya nini mtu wa dini yake akiambiwa hivyo, tena na mkwe?

"Kata ni mpya," nikasema.

"Mama, naijua hiyo kata. Nimekua nayo." Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la kuomba radhi kwa ajili ya mtu mwingine. Akawageukia wao. "Msimchukulie vibaya. Mama yangu maisha yake yote ni pombe, hajui tofauti. Kinywaji kiko sawa pengine, ila vyombo vyake siwezi kuvidhamini. Ummy, lete glasi, kuna soda kwenye friji."

Maisha yake yote ni pombe, hajui tofauti. Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Eliezeri alikohoa na kutazama viatu vyake. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha kata, na tone likaanguka kwenye zulia la watu, nikajikuta nawaza zulia.

Bi Shida ndiye aliyesema. Hakumtazama Godlove, alinitazama mimi. "Mama, wewe unasemaje?"

"Bibi, nimeikata mwezi huu kwenye kibuyu cha jirani yangu. Haijawahi kushika kitu ila maji. Nimeinywea maji wiki tatu mpaka uchungu ukaisha. Ile ya pombe ni nyeusi, ina waya. Hii ni ya njano."

Bi Shida aliiangalia kata. Aliiangalia kweli, akaichukua na kuigeuza kwenye mwanga wa dirishani, akainusa ndani bila haya. "Kibuyu kipya," akasema. "Hata sisi kwetu Kahe tulikuwa tunavitoa uchungu hivyo hivyo." Akanywa yote, akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio. "Tangawizi umeipatia. Shamsia, kunywa."

Shamsia alikunywa, akafumba macho, akaomba tena. Mzee Khamisi alikunywa na kusema mambo ya joto na jinsi kinywaji kinavyoshuka. Ummy alikunywa, Eliezeri alikunywa. Kata ilizunguka kama inavyozunguka kwetu, katika nyumba ambayo nilikuwa nimeiogopa mwezi mzima, na hakuna mkono uliokataa. Nikachota ya mwisho, nikaenda na miguu yangu mpaka alipokaa mwanangu, nikampa kwa mikono miwili.

Watu wote walikuwa wanatabasamu. Nadhani walijua mambo yamekwisha, kijana ameteleza ulimi, sasa anarekebisha. Hata mimi nilikuwa nimeshamsamehe. Nilichohitaji ni funda moja.

"Hapana, mama," akasema. "Nimefunga."

"Umefunga nini wewe Shakiru?" Bi Shida akauliza. "Si pilau umekula hapa mchana, sahani mbili?"

Mtu mmoja alicheka kidogo kisha akaacha. Godlove aliinamisha kichwa. "Basi sinywi tu," akasema. Hakuninyang'anya kata, hakuisukuma, hakuigusa. Nikaiweka mezani mbele yake. Tukala, tukaongea, tarehe ya harusi ikatajwa, mwezi wa tano. Kata ilikaa pale muda wote. Nilikuwa naiona gesi ikipanda na kupasuka, ikipungua, mpaka ndani kukawa kumetulia kabisa.

Wakati wa kuondoka Shamsia aliomba kilichobaki kwenye ndoo kibaki kwao, akanirudishia ndoo imeoshwa, na ndani ameweka khanga na boksi la tende. Godlove alinisindikiza hadi kwenye gari. Alisubiri Eliezeri apande.

"Nilikuambia uje mikono mitupu, mama. Unaniweka kwenye wakati mgumu. Hapa mimi bado mgeni, naangaliwa kila kitu."

"Ile kata uliiangalia?"

"Kata ni kata, mama."

Alisema hivyo bila ubaya, kwa haraka, akiwa na simu mkononi. Afadhali angesema kwa hasira. Mtu mwenye hasira anaweza kutulia akaona amekosea. Mimi nilikunywa uchungu wiki tatu, na mwanangu mwenyewe hakuweza kuinua macho aone rangi. Watu ambao hawakunijua kabla ya saa nane mchana ndio waliotazama.

Nilipofika nyumbani nilimpa Justina tende na nikamwambia kinywaji kilipendwa. Hilo lilikuwa kweli. Aliuliza mengine, nikasema nimechoka.

Jumatatu niliwasha moto. Nilimenya ndizi, nikachemsha, nikatia msesewe zaidi ya kawaida. Baada ya siku nane mbege ilikuwa tayari na mabenchi yamegeuzwa. Wazee walikuja mapema, wamevaa kofia, wamefurahi kama watu waliotolewa hospitali. Kata nyeusi ya mama mkwe ilikuwa kwenye msumari wake. Niliiacha hapo hapo. Nilichukua kata ya njano, nikaizamisha kwenye pipa mpaka mpini ukalowa, nikaonja mimi kwanza, kisha nikamnyooshea Eliezeri. Aliitambua. Alikaa nayo mkononi kabla ya kunywa.

"Shemeji, hii si ile ya kule mjini?"

"Kunywa, mbe," nikamwambia. "Wenzako wanasubiri."

Juzi Godlove alipiga simu. Safari hii alianza na habari za ibada, habari za ng'ombe, habari za mgongo wangu. Kisha akasema Bi Shida anauliza kila siku kuhusu kile kinywaji, na Shamsia amewaeleza ndugu zao wote hadi wa Kahe, na wamekubaliana kwamba siku ya harusi mama wa kijana aje nacho, apite nacho kwa wageni kama siku ile.

"Na ile kata, mama. Wamesema usisahau ile kata. Bibi anasema bila hiyo hanywi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wazee walikuwa kwenye mabenchi, na kata ilikuwa inazunguka, imeanza kuwa nyeusi mdomoni.

"Kata hiyo ni ya pombe," nikamwambia. "Ulisema mwenyewe."

"Mama, si ulisema ilikuwa mpya?"

"Ilikuwa."

Nilimsikia anahema, na nyuma yake mashine ya kukata aluminiamu inalia. Nadhani hapo ndipo alipoiona ile kata kwa mara ya kwanza, jinsi ilivyokaa mezani mbele yake jioni nzima, ya njano, imejaa.

"Sasa harusini utakuja na nini?" akauliza.

Nikamwambia nitakuja mikono mitupu.